Namna ya kuandika maisha ya mwanasoka wa zamani aliyesahaulika

Tukuyu Stars walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, ndiyo kwanza wamepanda daraja, nchi nzima iliijua Tukuyu. Kabla yao kulikuwa na vijana waliocheza pekupeku hapa Rungwe, kwenye viwanja vya misheni na mashamba ya chai, na wengi wao wanazikwa na habari zao. Hao ndio ninaowaandika, na ningependa tuwe wengi.

Usivunjwe moyo na uchache wa habari. Kule Australia alikuwepo Albert Austin, maarufu kama Pompey, Mwaborijini wa Victoria. Mwaka 1872 aliichezea Geelong dhidi ya Carlton katika ule mpira wao wa kushika na kupiga, ambao kanuni zake ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Mechi moja tu! Ila watafiti wamemfuatilia kwenye magazeti ya zamani, na leo anatajwa kuwa Mwaborijini wa kwanza anayejulikana kucheza ngazi ya juu. Sasa mzee wa kijijini kwako aliyekipiga misimu kadhaa akose hata ukurasa?

Anza naye mwenyewe akiwa hai, la sivyo mjane wake na wachezaji wenzake. Usimwulize, "Babu, ilikuwa mwaka gani?" Muulize Azimio la Arusha lilimkuta timu gani, Operesheni Vijiji ilipopamba moto alikuwa bado winga au keshakuwa beki, treni ya Tazara ilipoanza alikuwa bado anacheza, na Waziri Mkuu Sokoine alipofariki alikuwa ameshatundika daluga? Azimio ni 1967, Operesheni ilishika kasi 1974, Tazara ilikabidhiwa 1976, Sokoine alifariki Aprili 12, 1984. Kwa majibu hayo utapanga maisha yake yote uwanjani bila kumchosha.

Mwaka wa kuzaliwa utafute kanisani. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891. Kama alibatizwa kwao, mwombe mchungaji akuangalizie kitabu cha ubatizo.

Picha ya timu ndiyo hazina kubwa. Ipige kwa simu nje, kivulini, mwanga usiakisi. Halafu taja waliosimama, kushoto kwenda kulia, kisha waliochuchumaa, na majina uyaandike kwenye karatasi ya pembeni, kamwe si mgongoni mwa picha. Kazi hiyo ifanye siku hiyohiyo, maana anayewajua wote mara nyingi ni mmoja.

Mabao huongezeka kila yanaposimuliwa. Wazee wakibishana, andika nani kasema nini, kisha tafuta mechi hiyo kwenye nakala za Uhuru, gazeti lililoanza 1961.

Ukimaliza, msomee yote kwa sauti kabla hujampa mtu mwingine. Akitaka habari ya ndoa au ugomvi wa zamani itoke, itoe. Mwachie nakala yake iliyochapwa kwa herufi kubwa, na nyingine mpe mjukuu anayeishi naye.