Hita ikidondosha maji, iwekee kopo kabla ya kumwita fundi

Nimejifunza wiki hii, baada ya vali ya usalama (ile inayotoa maji presha ikizidi) ya hita yetu ya maji ya lita 50 kunitia wasiwasi kwa kudondosha. Zima swichi asubuhi, acha maji yapoe, kisha weka kopo tupu chini ya kile kibomba kidogo cha vali. Rudi baada ya saa tatu. Kopo likiwa kavu, vali ni nzima, na mdondoko wa hita ikiwaka ni wa kawaida: maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka ujazo, na kwa tangi la lita 50 ziada hiyo hukaribia robo tatu ya lita. Lazima itokee mahali. Kopo likiwa na maji ilhali hita imezimwa, ama chumvi imeganda kwenye kiti cha vali (pale vali inapokaa ikijifunga) ama presha ya bomba la mtaa ni kubwa mno. Inua mkono wa vali mara mbili tatu maji yakiwa ya baridi. Mara nyingi uchafu hutoka na mdondoko hukoma.

Usipime usiku, maana watu wakilala presha ya mtaa hupanda na kopo litakudanganya. Na kama maji yako yanashuka kutoka tangi la darini bila vali ya kuzuia yasirudi, ziada hurudi juu yenyewe, kwa hiyo tone lolote ni hitilafu.

Tafadhali usizibe kibomba hicho, hata kwa siku moja. Kikitoa mvuke au maji yanayochemka, zima umeme papo hapo: themostati, kidhibiti cha joto, imekufa.