Kipindupindu kimeingia mtaani? Punguza simu, chemsha maji, af tuongee

Nianze na ujinga wangu mwenyewe usije ukadhani anaeongea hapa ni mjuaji. Agosti 2015 kipindupindu kilipoingia Dar kikaanzia pande za Kinondoni mimi nilikuwa nimepanga chumba Manzese, na siku ya pili tu nikatumiwa voisi ya mama mmoja analia anasema watu wanaanguka barabarani na mambo yanafichwa, sikuuliza mama ni nani wala yuko wapi, nikaifowadi kwenye magrupu matatu ya familia mpaka bimkubwa kijijini akanipigia saa tano usiku anataka nirudi nyumbani. Asubuhi yake nikaenda duka la dawa nikanunua tetrasaikilini nikawa nameza na siumwi hata mafua. Af nikavaa maski. Yani maski, kwa ugonjwa wa kuharisha! Na muda wote huo maji ya kunywa nilikuwa nakinga bombani moja kwa moja natia kwenye chupa naenda nayo kazini.

Kwahiyo hofu nilikuwa nayo ya kutosha, na kazi nilifanya sana tu, ila mlango wenyewe nilikuwa nimeuacha wazi. Toka siku ile ugonjwa wowote ukitangazwa najiuliza swali moja kabla sijanunua kitu wala kutuma kitu, huu unapita wapi kuingia kwa mtu? Kipindupindu kinapita mdomoni basi, kinyesi cha mgonjwa kinafika kwenye maji au chakula au mikono af wewe unameza. Korona ilikuwa inatembea na pumzi, pale maski na madirisha wazi vilikuwa na kazi. Marburg iliyotokea Kagera 2023 ilikuwa ya kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti, pale walio kwenye hatari zaidi ni wanaouguza bila glovu na wanaoosha marehemu. Na ile ya Kagera naipenda kwa sababu inatuliza moyo, wagonjwa walikuwa 9 wakafariki 6, chanjo hamna, ila kwa kumtafuta kila aliegusana na mgonjwa na kumfuatilia siku 21 ikazimwa, Juni 2 ikatangazwa imekwisha. Ukishajua njia kichwa kinapoa chenyewe maana kazi yako inakuwa fupi, unaziba hiyo njia na mengine unaendelea na maisha, unaenda kazini, unapanda daladala, unalala.

Sasa simu. Sikwambii uizime kabisa, hapana, ila jiwekee mara mbili kwa siku, asubuhi na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, basi. Ukiwa na swali lenyewe hasa piga 199 ya Wizara ya Afya ni bure huhitaji hata vocha. Voisi ikija jiulize imetajwa sehemu gani, siku gani, na anaeongea ni nani, kama hivyo vitatu havipo ifie kwako usiitume hata kwa maneno ya "sina uhakika ila", hilo "sina uhakika ila" ndo linalosambaza kuliko yote. Video nazo nyingi ni za miaka ya nyuma au nchi nyingine kabisa. Na wazazi walioko mkoani wapigie wewe kabla hawajakupigia, dakika mbili tu, mama tuko salama tunachemsha maji, utakuwa umewaponya presha.

Tuje kwenye maji maana hapa ndo penyewe. Chemsha mpaka yatokote, yale mapovu makubwa, ukishayaona acha kama dakika moja zaidi, funika, yapoe humohumo. Mkaa ukiwa ghali tumia vidonge vya kutibu maji, vingi kimoja kinatosha ndoo ya lita 20 ila soma pakiti, na subiri nusu saa kabla ya kunywa, watu wanatia kidonge na kikombe kiko mkononi tayari. Ila nshaona nyumba wanachemsha kila siku na bado wanaumwa, sababu ni kikombe cha kuchotea. Umechemsha vizuri, umefunika vizuri, mtoto anatoka kucheza anazamisha kikombe na mkono mpaka kwenye kiwiko, hapo umeunguza mkaa bure. Tafuta ndoo yenye koki chini, au dumu la mdomo mwembamba umimine tu bila kuchota.

Mikono nawa na sabuni ukitoka chooni, kabla ya kupika, kabla ya kula na baada ya kumsafisha mtoto, kama bomba hamna tengeneza kibuyu chirizi, dumu la lita tano na kamba na kijiti cha kukanyaga, watoto wenyewe watakuwa wanagombania kunawa. Vyakula wala usijitese. Wali wa mama ntilie unaotoka jikoni unafuka moshi ni salama kuliko kiporo chako cha jana, cha kuacha kwa muda ni kachumbari, matunda yaliyokatwakatwa, juisi za kwenye ndoo na barafu. Barafu watu wanaisahau kabisa.

Vidonge nilivyokuwa nameza mimi, usimeze. Antibayotiki dokta ndo anaamua nani apewe, wewe mzima havikulindi, vinakuharibia tumbo tu na kuwazoesha wadudu dawa.

Halafu kitu kimoja fanya leo hii kabla hajaumwa mtu, nunua pakiti za ORS nne tano, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji anywe anaeharisha, uziweke kabatini. Nyingi pakiti moja ni lita moja ya maji safi, na ukishakoroga mwisho masaa 24 mwaga koroga mengine. Zikikosekana utatengeneza mwenyewe na hapa naomba umakini. Chukua chupa ya lita moja, maji yaliyochemka yakapoa, sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kisiwe na kichuguu, pitisha mgongo wa kisu juu yake kile kinachozidi kianguke. Koroga, onja kabla hujampa mtu, kama ni ya chumvi kuliko machozi mwaga uanze upya, usiongeze sukari kufunika chumvi kama unarekebisha mchuzi. Kila akiharisha anakunywa, mtu mzima glasi nzima, mtoto mdogo nusu kikombe kwa kijiko taratibu. Akitapika subiri dakika kumi af endelea polepole zaidi. Anaenyonya aendelee kunyonya.

Jirani yangu wa chumba cha tatu nusura tumpoteze kwa kunyimwa maji. Alianza alfajiri, kufika saa nne choo kinatoka cheupe kama maji ya kuoshea mchele, na ndugu zake walikuwa wamekataza asipewe maji eti yanamuongezea kuharisha, tumbo litulie kwanza. Nilipoingia macho yameshaingia ndani, midomo imekauka, nikamfinya ngozi ya tumbo ikabaki imesimama kama kitambaa. Ukiona hivyo hamna cha kusubiri wala cha majani ya mpera, ni hospitali saa hiyohiyo na njiani unaendelea kumnywesha, maana kipindupindu kinaweza kumaliza mtu ndani ya masaa. Akiwahi kutibiwa lakini wanaokufa hawafiki hata mmoja kwa mia. Yule dada alitundikiwa dripu, baada ya siku chache akarudi anatembea mwenyewe na mfuko wake wa nguo.

Aliporudi sasa! Hakuna anaemsalimia, mama mwenye nyumba anataka asitumie choo cha wote, mwenye genge anampokea hela na ncha za vidole. Jamani, na wengi wanaobeba hao wadudu hata hawaharishi au wanaharisha kidogo tu, kwahiyo unaemkimbia ni yule ambaye ameshatibiwa na anaemjua kila mtu, af unakaa meza moja na mwingine asiejijua. Halafu watu wakishaona hivyo wanaficha wagonjwa wao ndani, hapo ndo mtaa unaisha. Sisi tulifanya hivi, choo kikamwagiwa Jiki kila jioni kwa zamu, sabuni ikafungwa kwenye soksi ikaning'inizwa pale mlangoni, na yeye akaingizwa kwenye zamu kama wengine.

Watoto waambie ukweli kwa ufupi, kuna ugonjwa wa tumbo, tunanawa, maji ya bombani hatunywi, basi wakacheze. Wanakuangalia wewe usoni, ukiwa unashtuka kila simu ikilia na wao watashtuka.

Cha mwisho ni namba ya mwenye bajaji. Siku ile saa nne asubuhi tulikuwa watu saba uani na hakuna hata mmoja aliekuwa nayo, tulipoteza karibu nusu saa tunakimbia barabarani kutafuta usafiri, na wawili walikataa walipomuona mgonjwa. Sasa hivi iko ukutani jikoni kwa makapeni, na kijana nimeshaongea nae kabisa, nikampa na glovu na kichupa cha Jiki akae navyo chini ya siti.