Maneno kumi kwa wiki: michezo ya kukuza msamiati wa Kiingereza, hatua kwa hatua

Nimefundisha Kiingereza kwa muda wa kutosha kuona madaftari mengi yaliyojaa orodha za maneno, kila neno na maana yake pembeni. Mwenye daftari ukimwuliza jambo dogo kwa Kiingereza, anababaika. Maneno anayajua akiyaona, lakini hawezi kuyatoa. Ndiyo maana kila mchezo naupima kwa swali moja: unamfanya mtu alichomoe neno kichwani mwake, au anaoneshwa tu akalitambua? Ukipima hivyo, michezo mingi inayosifiwa haifui dafu.

Utaratibu huu unamfaa mwalimu, mzazi, au marafiki wawili watatu wanaojifunza pamoja. Andaa karatasi ngumu za kukata kadi, kalamu, simu ya kuhesabia muda na visanduku vitatu. Dakika 20 kwa siku zinatosha.

Hatua ya 1: Chagua maneno kumi yasiyofanana

Wengi huanza na fungu moja: rangi zote, au viungo vyote vya mwili. Ubaoni yanapendeza, kichwani yanagongana. Nilikuwa nafundisha "left" na "right" katika kipindi kimoja, na wiki nzima watu wanageukia upande usio wenyewe. Siku hizi nafundisha moja, naliacha likolee, kisha la pili siku kadhaa baadaye. Vivyo hivyo kwa "borrow" na "lend", kwa sababu sisi tumezoea kusema kuazima kwa yote mawili.

Maneno bora ni yale uliyoyahitaji jana ukayakosa. Uwe na kijikaratasi mfukoni. Kila unapokwama katika sentensi, andika kwa Kiswahili kile ulichotaka kusema. Hakikisha nusu ya maneno yako ni vitenzi. Mwenye nomino tupu anaweza kutaja vitu vyote vilivyomo chumbani, ila hawezi kusema kilichotokea humo.

Hatua ya 2: Tengeneza kadi, lakini sauti itangulie

Upande mmoja chora picha au andika sentensi ya Kiswahili. Upande wa pili andika neno la Kiingereza likiwa ndani ya sentensi fupi. Neno lililosimama peke yake hudanganya: "depend" huenda na "on", basi andika "It depends on you" ili viingie kichwani pamoja.

Kabla hujaonesha maandishi, litamke neno mara tatu, wao wakurudishie. Kiswahili kimetuzoesha kusoma kila herufi iliyoandikwa. Anayeona "comb" kabla ya kuisikia ataitamka ile b ya mwisho, na kuja kumwondolea ni kazi.

Hatua ya 3: Mchezo wa kupiga

Mchezo huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na unamhusu mzungumzaji wa Kiswahili hasa. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga makofi, mluzi, magoti, miayo, hodi na chafya. Kiingereza kina kitenzi tofauti kwa karibu kila kimoja. Mwanafunzi wangu mmoja, mama mtu mzima, aliwahi kuniambia "I beat you a phone yesterday". Hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa ametafsiri kwa uaminifu neno kwa neno. Siku hiyo nilikata kadi tisa: "call", "iron", "take a photo", "clap", "whistle", "kneel", "yawn", "knock" na "sneeze".

Mchezo unakwenda hivi. Gawa watu timu mbili. Mmoja anavuta kadi, anaigiza kitendo bila kutoa sauti, na timu yake ina sekunde 30 za kusema sentensi kamili: "She is sneezing." Wakisema "sneeze" peke yake, wanapata pointi moja, sentensi nzima ina pointi tatu. Tofauti hiyo ya pointi usiilegeze, maana ndiyo inayowavuta waseme sentensi badala ya neno.

Raundi ya pili, mwigizaji anafanya vitendo viwili mfululizo na timu inaeleza yaliyopita: "He yawned, then he knelt down." Hapo wakati uliopita unaingia bila somo la sarufi. Raundi ya tatu hakuna kuigiza. Mtu anasema sentensi ya Kiswahili yenye kupiga, wenzake wana sekunde tatu za kujibu kwa Kiingereza. Wakichelewa, kadi inakwenda kwa timu nyingine. Angalia pia matamshi ya "kneel" na "knock": ile k haitamkwi.

Mchezo ukishazoeleka, hamia kwenye kusikia. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu. Kwa Kiingereza ni "hear" kwa sauti, "feel" kwa baridi na njaa, "smell" kwa harufu. Kisha kidole, ambacho cha mkononi ni "finger" na cha mguuni ni "toe". Kila neno letu lenye mabawa mapana namna hii ni mchezo unaokusubiri.

Hatua ya 4: Neno la mwiko

Chukua kadi zilezile kumi za wiki, na juu ya kila moja andika maneno mawili yaliyopigwa marufuku. Kwenye "umbrella", marufuku ni "rain" na "water". Mchezaji anaeleza kwa Kiingereza bila kutaja neno lenyewe wala yale mawili, wenzake wanakisia. Sekunde 60 kwa kila mtu.

Wanaoanza watasimama midomo wazi, basi wape kwanza funguo tatu: "It's a thing for…", "You do this when…" na "It's the opposite of…". Ziandike kwa herufi kubwa mahali zinapoonekana. Mtu aliyekuwa kimya atasema "You carry it. You open it over your head when the weather is bad", na ametumia maneno zaidi ya kumi ili kulifikia moja. Ujuzi wa kulizunguka neno lililokupotea utamfaa hata nje ya mchezo, siku atakapozungumza na mtu asiyejua Kiswahili.

Hatua ya 5: Mnyororo wa sauti

Mnyororo wa kawaida, ambapo neno jipya huanza na herufi iliyomaliza lililotangulia, haukai vizuri kwenye Kiingereza. Maneno mengi huishia na e iliyoandikwa tu bila kutamkwa, na baada ya muda mfupi kila mtu anatafuta neno linaloanza na e. Tumia sauti badala ya herufi: "laugh", "fish", "ship", "pen", "knife", "phone". Mwisho wa "laugh" husikika f, kwa hiyo "fish" inakubalika. "Knife" inapokea n ya "pen" kwa sababu k yake ni bubu. Neno likiishia kwa sauti ya irabu, aliyelitaja atoe jingine.

Bingo, mchezo wa kuweka alama kwenye jedwali lako kila unaposikia neno lililomo, ni nzuri kwa kuzoeza masikio, si zaidi. Yale majedwali ya herufi ya kusaka maneno yaliyofichwa nimeacha kuyatumia: mtu anaweza kuzungushia maneno yote asijue maana ya hata moja. Afadhali chemshabongo ya mraba, aina ambayo Arthur Wynne alianza kuichapisha katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Hata hiyo, waache wanafunzi watunge vidokezo wenyewe kwa Kiingereza, wabadilishane na kundi jingine. Kutunga kidokezo ndiko kunakofundisha kuliko kujaza viboksi.

Kuhusu makosa

Usimkatize mtu katikati ya mchezo. Nakaa na karatasi, naandika makosa bila majina, na raundi ikiisha naandika matatu ubaoni ili wayarekebishe pamoja. Mtu akikatizwa mara mbili, mara ya tatu hatafungua mdomo, hasa mtu mzima mbele ya watoto.

Hatua ya 6: Visanduku vitatu

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe yaliyoonesha kwamba mengi ya tuliyojifunza hupotea mapema sana, kisha kasi ya kusahau hupungua. Kwa hiyo kadi lazima zirudi, na zirudi kwa mpangilio. Baadaye mwandishi Sebastian Leitner aliueneza mpango wa visanduku katika miaka ya 1970. Wangu ni mfupi kuliko wake.

Kadi zote huanza kisanduku cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Soma upande wa Kiswahili, sema sentensi ya Kiingereza kwa sauti, kisha geuza uhakikishe. Ukipatia, kadi inahamia cha pili, kinachofunguliwa kila baada ya siku tatu, halafu cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosea, irudi cha kwanza, hata kama ilishafika cha tatu. Kusema kimoyomoyo hakuhesabiki. Anayejifunza peke yake ajirekodi kwenye simu, kisha asikilize.

Kutoka kisanduku cha tatu kuna sharti moja: mwenye kadi awe amelitumia neno bila kuulizwa, nje ya mchezo. Kadi ya "sneeze" ya kundi langu moja ilikaa humo wiki kadhaa. Siku moja mtu akapiga chafya katikati ya somo jingine kabisa, na mwenzake aliyekaa nyuma akasema, "Bless you. You sneezed three times." Nikaitoa kadi, tukaweka neno jipya mahali pake.