Adabu za Kucheza Karata Barazani
Kabla ya kuchanga karata, wachezaji wanne wanaocheza wawili wawili wakubaliane kama wenza wanaruhusiwa kupeana ishara, kwa kuwa kikohozi kinachohesabiwa kuwa ujanja halali katika baraza moja huvunja urafiki katika nyingine. Anayechanga ampe mpinzani aliye kando yake akate fungu la karata, ndipo agawe. Ikiwa shupaza, moja ya aina nne za karata, imetangulizwa nawe unayo, itupe hata kama unatamani kukata kwa turufu, yaani karata ya aina inayoshinda nyingine zote. Ukigundulika umeificha, kubali adhabu bila ubishi. Lawama kwa mwenza aliyetupa kopa isiyofaa zisubiri mchezo uishe. Watazamaji nao, ambao aghalabu ndio wenye kelele zaidi, wasichungulie karata za mmoja na kumnong'oneza mwingine.