Kukata mapindo kwa msumeno wa mkono: angalia meno yanaelekea wapi

Wale mnaokata maua ya kitanda au mgongo wa kiti kwa ule msumeno mdogo wa fremu ya chuma yenye umbo la U, kabla ya kulaumu ubao tazama meno. Yaelekee mpini. Hapo msumeno unakata unapovuta, na kile kiutepe chembamba chenye meno kinabaki kimenyooka. Yakielekea mbele, ukisukuma kinajikunja, mkato unapinda na mara nyingi kinakatika.

Kwa kuwa unakata kwa kuvuta, vibanzi vitaruka upande ulio kwako. Kwa hiyo ukifunga ubao kwenye jiriwa, uso mzuri uangalie mbali nawe. Plaiwudi ndiyo inayoumia zaidi. Bandika karatasi ya gundi (masking tape) juu ya mstari wa kukatia, utaona tofauti.

Kwenye kona kali usilazimishe. Endelea kuvuta na kurudisha papo hapo bila kusonga mbele, huku ukigeuza fremu kidogo kidogo, mpaka msumeno ujitengenezee nafasi ya kugeukia. Fremu ikigonga ukingo wa ubao, legeza mpini, zungusha ncha zote mbili za kiutepe kwa kiasi kilekile, kaza tena.

Tundu la ndani? Toboa kwa keekee, fungua kiutepe, kipitishe, kifunge upya.

Na tafadhali acha kama milimita 1 nje ya mstari. Hiyo ni kazi ya tupa ya nusu duara na msasa, hasa kwenye mninga.