Game umeifunga lakini feni bado inavuma: tafuta nani anakula prosesa

Bandugu wa Bukavu, ukiwa kwa batri wakati wa delestaji na laptop inawaka moto hata game hauchezi, mbele ya kulaumu mashini angalia kwanza programu zenye zinajificha nyuma, juu mara nyingi njo zinamaliza batri.

Washa mashini, usifungue kitu, ngoja dakika kidogo juu Windows ikitoka kuwaka iko na kazi zake. Finya Ctrl, Maj na Échap pamoja, Gestionnaire des tâches (inaonyesha programu zote zenye zinatembea) inafunguka, enda kwa Détails, finya neno Processeur (prosesa, ubongo wa mashini) ili wenye kula sana wapande juu.

Hapo angalia vizuri. Tuseme uko na EliteBook ya okazyon yenye prosesa i5-6300U: hiyo iko na kor 2 (sehemu zenye zinafanya kazi) na nyuzi 4 (njia za kazi zenye zinatembea pamoja), kwa hiyo programu ikikwama kwa uzi mmoja ikazunguka bila mwisho, utaona 25%, njo robo ya prosesa yote, imesimama palepale, haipandi haishuki. Mashini ya nyuzi 8 itaonyesha 12 ao 13. Programu yenye iko na kazi ya kweli, kama Steam (duka la game) ikifungua mafaili ya mise à jour, namba yake inachezacheza na kisha inaisha, iache imalize. Ile ya 25 isiyotikisika na game hakuna, ipige Fin de tâche bila huruma.

Kwa Steam utakuta steamwebhelper.exe nyingi zimepangana, si virusi. Duka, maktaba na chati yake ni kurasa za web, na Steam inabeba brauza yake ndani, ya kuzionyesha. Kuua moja moja ni kupoteza muda, zinarudi. Enda kwa paramètres zake upande wa Bibliothèque, washa ile mode ya performance ndogo na ile ya intaneti ndogo, mega zako pia zitapumua.

Tena kufinya X si kufunga! Steam, Epic (duka lingine la game), Discord (ya kuzungumza na wachezaji) zote zinaweza kukimbilia pale kando ya saa. Clique ya kuume juu ya alama yake, Quitter. Na Epic, uiweke mise à jour: mwisho wa 2020 ilikuwa inapandisha prosesa hata ikiwa imekaa bure, wakatengeneza, kwa hiyo kubaki na ya zamani ni kujitesa.

Kisha rudi kwa Gestionnaire, ingia Démarrage, fanya Désactiver kwa kila launcher (programu ya kufungulia game, kama Steam na Epic), utaifungua mwenyewe siku unataka kucheza. Vanguard (yenye inazuia wadanganyifu) ya game Valorant tu njo uiache kama unacheza hiyo game, juu inapashwa kuwaka pamoja na Windows, ukiizima game inakukatalia mpaka uwashe mashini upya.