Jinsi ya kufuatilia pesa za darasa la chekechea katika kaunti yako

Mimi ni fundi seremala. Mjukuu wangu yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, katika shule ya kijijini kwetu, huku Pwani, na darasa analosomea lilijengwa na serikali ya kaunti. Masika ya kwanza baada ya jengo kukabidhiwa, sakafu ilianza kumeguka. Mtoto alikuwa akirudi nyumbani magoti yameingia unga wa saruji, na siku moja akarudi amechanika mguu kwa kokoto iliyochomoza. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza. Nimejifunza mengi njiani, na ninayaandika kwa mzazi mwenzangu ambaye ana darasa kama hilo mbele ya macho yake.

Kwanza ujue darasa ni la nani. Mimi nilipoteza wiki tatu nikipeleka malalamiko mahali pasipohusika. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Kuanzia gredi ya kwanza kwenda juu ni kazi ya serikali ya kitaifa, na NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneobunge, nayo ni pesa ya kitaifa, hata kama mbunge ndiye anayeonekana siku ya kufungua jengo. Kinachotuchanganya ni kwamba vyote viko ndani ya ua mmoja, chini ya mwembe mmoja. Mwalimu wa gredi ya tatu ameajiriwa na TSC, tume ya kitaifa ya kuajiri walimu. Yule wa PP1, mlango wa pili, ameajiriwa na kaunti. Basi usiulize "shule hii imejengwa na nani?" Uliza jengo lile pale. Kama kibao cha mradi bado kipo, kipige picha leo, kwa sababu vibao huanguka na mabati yake huezekea mabanda ya kuku.

Ukishajua ni la kaunti, litafute kwenye bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Unachohitaji wewe ni makadirio yaliyokwisha kupitishwa. Ni kitabu kinene, lakini huna haja ya kukisoma chote. Nenda kwa idara ya elimu, ruka mishahara na matumizi ya kawaida, fika kwenye maendeleo, kisha shuka hadi wadi yako. Huko ndiko miradi huandikwa kwa jina la shule na kiasi chake. Ukiweza, tazama miaka miwili au mitatu mfululizo. Darasa letu lilikuwemo mara mbili: mwaka wa kwanza "ujenzi", mwaka uliofuata "ukamilishaji". Usikimbilie kusema limelipwa mara mbili. Mara nyingi ni deni la mwanakandarasi lililovuka mwaka. Lakini ni swali halali, na ukiliuliza ukiwa na kurasa zote mbili mkononi, utajibiwa tofauti na mtu anayepiga kelele mlangoni.

Huenda utaambiwa kwamba pesa hazijatoka Nairobi. Kuna namna ya kulipima jibu hilo. Kaunti haiwezi kutoa pesa kwenye mfuko wake wa mapato bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na ofisi hiyo huchapisha ripoti za utekelezaji kila robo mwaka. Ndani yake kila kaunti ina sura yake, idara kwa idara: kilichotengwa, kilichotolewa, kilichotumika. Ukiona idara ya elimu imekwisha kupokea pesa za maendeleo za robo ile, rudi kwa afisa na ukurasa huo, kwa heshima, umwombe akueleze.

Sasa barua. Hapa ndipo kazi ilipo. Maneno ya mdomo ofisini hayana tarehe, na yule aliyekuahidi leo kesho amehamishwa. Mimi niliandika hivi:

"Kwa Afisa Mkuu, Idara ya Elimu, Serikali ya Kaunti.
KUH: OMBI LA KUPATA HABARI KUHUSU UJENZI WA DARASA LA CHEKECHEA
Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi hii. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za mkataba wa ujenzi wa darasa lililotajwa, BQ yake (orodha ya kazi na bei), vyeti vya malipo yote yaliyofanywa hadi leo, na ripoti ya kamati iliyolikagua na kulipokea jengo. Naomba pia kujulishwa tarehe ambayo muda wa kurekebisha kasoro unaisha. Niko tayari kulipia gharama ya kutoa nakala."

Chini yake jina, nambari ya kitambulisho, simu, tarehe. Juu yake jina kamili la mradi, wadi na mwaka wa fedha, kama vilivyo kwenye bajeti. Usiandike "habari zote kuhusu shule", maana ombi pana hurahisisha kukataliwa.

Barua iandike kwa Kiswahili bila wasiwasi. Sheria yenyewe inasema ombi liwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Niliwahi kuambiwa dirishani nikaitafsiri kwanza. Nikasoma kifungu hicho kwa sauti ya kawaida, na ikapokewa. Mzee asiyejua kuandika naye ana haki: afisa anapaswa kumsaidia kuliweka ombi lake kwenye maandishi. Huna wajibu wa kueleza unaitakia nini habari hiyo. Kuomba hakulipiwi, unachoweza kutozwa ni gharama ya nakala tu.

Peleka nakala mbili masjala. Moja wabaki nayo, ya pili wakugongee mhuri wenye tarehe. Usitoke bila mhuri huo, hata ukiambiwa karani ameenda chakula. Msubiri. Kuanzia siku hiyo ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, kimya hicho kinahesabika kuwa ombi limekataliwa, na una siku 30 za kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na Ombudsman, yaani tume inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, ile ambayo kauli yake ni "Hata mnyonge ana haki". Mimi sikufika huko kwa barua ya kwanza. Siku ya 19 nilipigiwa simu nikachukue bahasha.

BQ ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote, na ndiyo wazazi wengi hawajawahi kuiona. Ni orodha ya kila kitu kinacholipiwa katika jengo: maelezo, kipimo, idadi, bei ya kimoja, jumla. Imeandikwa kwa Kiingereza cha wajenzi, kwa hiyo kaa na fundi mmoja wa kijijini mwaminifu mwisome pamoja. Anzeni na vitu vinavyoonekana kwa macho. Mabati: BQ yetu ilisema geji 28. Geji huwa imepigwa chapa kwenye bati lenyewe, na kadiri nambari inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene. Nilipanda ngazi nikasoma: 30. Milango: karatasi ilidai mbao ngumu, paneli, unene wa milimita 45. Kwenye hili sikuhitaji kipimo. Niliugonga mlango kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Ulikuwa plaiwudi pande mbili na hewa katikati. Hata hivyo nilipima, kwa sababu masikio ya fundi si ushahidi. Milimita 38. Tangi la maji: tulilipiwa la lita 5,000, lililosimama pale limeandikwa 3,000 ubavuni. Na gata za kulipelekea maji hazikuwepo kabisa, ingawa zilikuwa na mstari wao na bei yao.

Sakafu tuliijaribu kwa msumari wa inchi nne. Saruji nzuri msumari unaikwaruza tu. Yetu ilichimbika, na vumbi likabaki kiganjani kama unga wa muhogo.

Chukua daftari la shule, piga mistari upate safu tatu: BQ inasema nini, kilichopo ni nini, na kipimo au picha. Katika kila picha tepu ya kupimia ionekane. Wazazi wawili watie sahihi chini. Neno "wizi" lisiwemo mahali popote. Hujui nani alifanya nini. Unachojua ni kwamba 38 si 45. Na nakusihi, usimwombe mwalimu wa chekechea atie sahihi. Mwajiri wake ni kaunti hiyo hiyo. Mwombe mwalimu mkuu ruhusa ya kuingia saa ambayo watoto wameshaenda nyumbani, basi, umwachie amani yake.

Kuna jambo ambalo laiti ningelijua mapema, nalo ni ule muda wa kurekebisha kasoro. Kwa kawaida mwanakandarasi halipwi pesa zote siku ya kukabidhi jengo. Sehemu huzuiliwa kwa muda uliotajwa kwenye mkataba, na kasoro zikijitokeza ndani ya muda huo ni juu yake kuzirekebisha. Pesa hiyo ikishaachiliwa, mtu wa kumrudisha kwenye jengo humwoni tena. Ndiyo maana tarehe hiyo inaulizwa kwenye barua ya kwanza, na ndiyo maana daftari lako lazima lifike kwa Afisa Mkuu, nalo likiwa na mhuri, kabla ya tarehe hiyo. Nakala moja mpe diwani, nyingine msimamizi wa wadi. Letu lilifika zikiwa zimebaki siku 40.

Kama ofisi haisogei, njia bado zipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi katika bunge la kaunti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hukagua kila kaunti na hutakiwa kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia Desemba 31. Wakaguzi hawawezi kutembelea kila darasa, hivyo barua yenye jina la mradi na nakala ya daftari, ikipelekwa Julai au Agosti, inaweza kuwaelekeza. Ukiwa na dalili za rushwa yenyewe, EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ndiyo mahali pake.

Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti navyo usiviache. Unapewa dakika mbili, watu wamechoka, na wengi huomba barabara. Peleka maoni yako yameandikwa kwenye karatasi moja, uikabidhi. Maneno ya mdomo hupotea na maturubai yakikunjwa.

Kwetu mwanakandarasi alirudi. Sakafu ilivunjwa yote, ikamwagwa upya, na safari hii tulikuwa tumesimama pale tukihesabu mifuko ya saruji. Milango imebadilishwa, niliipima mwenyewe, 45. Mabati tuliambiwa yatakatwa kwenye malipo ya mwisho, na nimeandika kuomba hati inayoonyesha hivyo. Tangi bado ni lile la lita 3,000 na gata hakuna. Barua yake ina mhuri wa Jumanne iliyopita.